Nsimire, Haikuwa Sumu

Nsimire, mwenzangu,

Koko Faida, mama mkwe wako, hakukupa sumu. Wewe ulilijua hilo, mimi nililijua, lakini sisi wawili tulikuwa wanawake wa kuchambua kahawa, nani angetusikiliza? Sasa hata mume wako Mugisho analijua. Nimeona nikuambie mwenyewe, maana huku Kadutu sina tena mtu wa kuzungumza naye mchana. Wenzetu wote wako depo ya kahawa, na mimi depo siingii tena.

Ngoja nikusimulie polepole.

Ulituacha asubuhi, siku ile boti za kisiwa cha Idjwi ziliposhusha kahawa nyingi. Magunia yalimwagwa, vumbi likapanda mpaka tukawa hatuonani vizuri, nawe ukashika ukingo wa meza ukasema, "Furaha, hewa haiingie." Tulikupandisha pikipiki, mimi nyuma yako nimekukumbatia. Pale kwenye mteremko wa kwenda hospitali kichwa chako kikaniangukia begani. Nikamwambia dereva aongeze mwendo. Akaongeza. Nilikuwa nimeshajua, Nsimire, lakini niliendelea kumwambia aongeze.

Matanga yako hayakuwa matanga. Kabla hatujakuzika, watu walikuwa wameshapata muuaji. "Ni karuho," walisema, ile sumu ya taratibu ambayo mji wetu unaitaja kila mtu akikohoa muda mrefu. Na ushahidi wao ulikuwa huu: ulipokwenda kwenu Walungu kupumzika, kifua kilifunguka. Ukirudi Bukavu, ukila chakula cha mama mkwe wako, kinafunga. "Kule si ule muzee anapika," walisema, "ndiyo maana kule anapona." Nani angebisha? Lilionekana jambo lililonyooka kabisa.

Vijana wa avenyu wakarusha mawe juu ya mabati ya nyumba yenu. Mugisho alisimama mlangoni kwake, hakuwasaidia, wala hakuwazuia. Koko Faida alifunga kitenge chake, akateremka peke yake mpaka bandarini, akapanda boti kurudi Idjwi kwa kaka yake. Hakuna aliyemsindikiza. Sisi wa depo tulikuwa bado kaburini kwako. Niliporudi nilikuta sufuria zake nje, zimepinduliwa kwenye matope, nikaziosha, nikaziingiza ndani. Sikujua la kufanya jingine.

Baadaye kikohozi kikanijia mimi.

Kilianza kama chako, macho kuwasha, pua kutiririka, kisha ile filimbi kifuani ukipanda mlima. Lakini mimi, Nsimire, sikuwa na mama mkwe wa kusingiziwa! Sina mume, najipikia mwenyewe. Labda hilo ndilo lililoniokoa. Hakuna aliyenipeleka kwa mganga wa kutapisha, kama walivyokupeleka wewe. Nilikwenda hospitali.

Nikamkuta dokta mmoja mwanamke, mpole lakini wa maneno machache. Aliniuliza swali ambalo wewe hukuulizwa hata mara moja: "Maman, unatumika kazi gani?" Nikamwambia: nachambua kahawa mbichi, ile ambayo haijakaangwa bado, natoa mbovu naacha nzima. Akauliza, "Na siku ya yenga, ukikaa nyumbani, unajisikia je?" Jumapili huwa napumua, Nsimire. Jumapili naimba kwaya. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Akanipa kifaa cha kupuliza nikae nacho nyumbani, mfano wa filimbi nene yenye mshale. Siku za kazi napuliza mshale unakaa chini kama mgonjwa. Jumapili unapanda. Akaona hilo, akanituma labo kwa binti mmoja anaitwa Neema. Neema akaniambia, "Utuletee ile vumbi yenyewe, maman." Nikalifagia chini ya meza yetu, nikalifunga ndani ya nailoni, nikavuka nalo mji mzima kama mtu aliyebeba dhahabu.

Akaliloweka, akalichuja, akanidondoshea matone mkononi: moja maji matupu, moja kahawa iliyokaangwa, moja ile mbichi. Juu ya kila tone akanidunga kidogo tu, si sindano ya kuumiza. Tukangoja. Ungenicheka, nilivyokuwa nimeunyoosha mkono mezani kama mtu anayeuza samaki. Halafu kwenye lile tone la kahawa mbichi ngozi ikaanza kuwasha, ikainuka kivimbe cheupe chenye wekundu pembeni. Kwenye yale mengine hakuna kitu.

"Ona," Neema akasema. "Iko alerji. Mwili yako imekataa hii vumbi, inapigana nayo sawa vile ni adui. Na kifua ndiyo inafunga."

Nikalia. Yeye akadhani nimeogopa, akanishika bega. Sikuogopa. Nilikuwa nautazama mkono wangu na ninaona wako.

Wakanitoa damu pia. Kipimo chake hapa hakuna, wakaituma ng'ambo, na jibu likakawia mpaka nikafikiri imemwagika njiani. Lilipofika, likasema sawasawa na lililosema ngozi: ni kahawa mbichi. Dokta akaniambia niache kazi ile, nisingoje. Nikamwomba basi aseme kwamba na wewe ulikufa kwa hiyo. Akatikisa kichwa. "Yeye hatukumupima, na sasa siwezi kumupima. Naweza kusema inafanana. Zaidi ya hapo nitakudanganya." Siku ile nilimchukia kidogo. Leo namheshimu.

Nikaenda kwa Mugisho. Amekonda, nikuambie ukweli, na nyumba ina harufu ya watu wasiopika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni mukono yako, Furaha. Haiko ya Nsimire."

Nikawa naangalia tu zile sufuria za mama yake, na hapo likanijia.

Nikamuuliza, "Na wakati ule mji ulichafuka, depo ikafungwa, alikuwa anakula kwa nani?"

Unakumbuka, Nsimire? Boti hazikuja, barabara ya Walungu haikupitika, ukakaa nyumbani wiki kwa wiki. Bugali na majani ya muhogo, ile sombe ya Koko Faida, mchana, bugali na sombe ya Koko Faida jioni. Na hukukohoa! Ulikuwa unapanda kilima na bidoni ya maji kichwani huku unaimba, mpaka majirani wanakutania kwamba wewe ndiye pekee uliyenenepa katika shida zile. Mugisho mwenyewe alinitania wakati ule: "Hii vita imeponyesha bibi yangu." Depo ikafunguliwa tena, na katika juma lile lile kifua chako kikafunga.

Nikamkumbusha maneno yake. Akashika kichwa. "Furaha, nilimuacha mama ateremuke ile njia yeye peke." Akasema hivyo tu, mara nyingi, kama mtu anayejifunza sentensi ya lugha ngeni.

Tulikwenda wote Idjwi. Tulimkuta Koko katika shamba la maharage la kaka yake, amezeeka ghafula. Mugisho akapiga magoti palepale kwenye udongo uliolowa. Mama yake hakumtazama. Alinitazama mimi, nami nikamweleza yote, mkono, damu, vumbi. Sijui kama alifuata habari za labo. Alipoona nimemaliza, akauliza jambo moja tu: "Na ule mutoto wangu mwenyewe, alikufa anafikiri ni mimi?"

Nsimire, kuna neno lako nililokuwa nimelificha, kwa sababu lilikuwa kitu pekee ulichoniachia. Siku ile juu ya pikipiki, kabla ya ule mteremko, ulisema, "Mwambie Koko aniwekee sombe." Ndiyo neno lako la mwisho. Nikampa. Akakaa chini katikati ya maharage, akajifunika uso kwa kitenge, na hatukusikia sauti yoyote, mabega tu.

Hakurudi nasi. Mugisho alimsihi mpaka mimi nikaona aibu kusikiliza. "Wale walirusha mawe," Koko akasema, "nao mutawapima damu?" Amebaki kule. Mugisho humfuata kila apatapo nafasi, naye mama amekubali kumpikia. Hilo tu ndilo tulilolipata, na si dogo.

Mimi sasa nauza nyanya na vitunguu sokoni. Soko limejaa watu, na sijawahi kukaa peke yangu namna hii. Kwenye meza yetu tulikuwa tunanyamaza pamoja, wewe na mimi, saa nzima mikono inachambua na hakuna anayehitaji kusema. Kunyamaza kwa sokoni si kule. Lori la magunia likipita, kifua kinabana, na sijui ni vumbi au ni wewe. Kahawa ya kunywa hainidhuru. Nainywa haraka.

Dokta alikwenda mwenyewe kuzungumza na bosi wa depo. Wamefungua madirisha ya nyuma, wananyunyiza maji sakafuni kabla ya kumwaga magunia, na wametoa vitambaa vya kuziba pua, ingawa wengi wanavining'iniza shingoni kwa sababu ya joto.

Na kuna jambo linalonikosesha raha. Mahali pako amekaa Nabintu, binti wa huku kwetu, mwenye watoto wadogo. Anakohoa. Anakohoa ndani ya kitenge ili bosi asisikie, maana anajua mimi niliachishwa na kikohozi. Na jana bombani nilisikia wanawake wakisema kwa sauti ya chini kwamba mume wake ana bibi mwingine, na huyo bibi alimletea Nabintu ndizi.

Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Pumzika, Nsimire. Koko wako anakula, Mugisho anajifunza kuwa mtoto wa mtu, na kaburi lako nimelipalilia. Nakuahidi hili moja: Jumatatu nitasimama nje ya lango la depo mpaka Nabintu atoke, na nitampeleka labo kwa Neema. Ataogopa kupoteza kazi. Nitamwonyesha mkono wangu, nitamtajia jina lako. Akikataa Jumatatu, nitarudi Jumanne.

Ni mimi,
Furaha