Pilipili Uliyonitumia

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na miguu uliyosema imevimba imeanza kupungua. Huku shemeji yako hajambo, anakoroma kama kawaida yake. Mimi nipo.

Kopo la pilipili ya kusaga lilifika, ahsante. Najua unangoja hukumu, maana tangu utotoni ukipika lazima mimi, Kijiko wako, nionje kwanza. Nimechelewa kwa sababu sina la kusema. Nilionja, nikahisi kama nalamba sarafu.

Hata kazini, jikoni pale kiwandani, mambo ni hayo hayo. Juzijuzi nilionja maharage nikaona yamepooza, nikaongeza chumvi, nikaongeza tena. Wafanyakazi walimaliza pipa zima la maji. Msimamizi akaniuliza kama nataka kuwakausha watu kama samaki. Wote wakacheka, nikacheka nao. Sikuona aibu, sikuona chochote.

Nikaenda hospitali. Daktari alisema ni figo, zimekuwa zikichoka polepole kwa miaka, na uchafu unaobaki kwenye damu ndio unaoharibu ladha mdomoni. Shemeji yako alilia pale pale. Mimi nilikuwa natazama feni, najiuliza kama jikoni nimezima gesi.

Daktari akauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamkumbuka mama, jinsi tulivyomnunia mwaka wake wa mwisho kwa mboga zilizojaa chumvi, naye akitujibu kwamba ndimi zetu ndizo mbovu. Tulisema ni uzee, hatukumpeleka kupimwa.

Sasa nisikilize, dada, maana hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Pilipili yako nilikula hadi nusu ya kopo bila kuhisi chumvi yake. Jana shemeji yako alichovya mkate humo, akatema, akaenda kusukutua. Akasema ni chumvi tupu. Nilimbishia, nikamwambia dada yangu hakosei chumvi hata akipika amefumba macho. Nikamwita jirani aonje. Naye akaomba maji.

Kwa ugonjwa wangu sijatoa chozi. Kwa kopo hilo nimelia.

Nenda ukapime figo. Nenda kesho.

Wasalimie watoto. Waulize chakula chako siku hizi kikoje, na safari hii usiwabishie.

Mdogo wako,
Kijiko