Mkwe Wangu Aliyenionjea Hoteli za Kitale

Mkwe wangu mpendwa,

Mimi sijui kalamu. Anayeandika ni mtoto wako Nafula, na nimemkataza kulainisha neno langu hata moja.

Ile mara ya kwanza nilipopeleka vitunguu vya Cheptais kuuza Kitale, njaa ilinishika katika mji nisioujua. Vibao vya hoteli havinisaidii, kwa hivyo nilizunguka nyuma, huko jikoni, niangalie wanaoshaje mboga ya sukuma. Hoteli moja maji yake yalikuwa ya jana. Nyingine mpishi alikuwa anaimba na karai lake ni safi, nikasema hapa ndipo. Nikaingia, nikaagiza ugali na matumbo, nikanawa. Kuinua macho, ni wewe kwenye meza ya pili, shavu limejaa nyama.

Mimi nilijifunika leso uso mzima nikatokea mlango wa mbele. Wewe ulitorokea jikoni, ukamwaga sukuma ya watu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali wakionana, lakini wale wa hoteli wangejuaje? Nikasikia mhudumu nyuma yangu, "Mama, mnakimbia nini? Chakula iko na shida gani?" Mzee mmoja akasukuma sahani yake. "Bana, hii sikuli. Wawili wameshatoroka."

Nilidhani baada ya hapo utanikwepa kabisa. Soko lililofuata, mama mmoja mwenye hoteli karibu na stendi akanijia mpaka kwenye vitunguu vyangu. "Si wewe ndiye mama ya Kanduyi? Mkwe wako, yule fundi wa mashine ya kusaga posho, amekula kwetu mapema na ameshaenda. Ati supu ni nzuri, lakini maharagwe usiguse, iko na mawe."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tangu hapo, kila mji uliotumwa kutengeneza mashine, Webuye, Eldoret, nikipita huko na biashara yangu nilikuta umetangulia kula ndio mimi nile. Nawe ukija kazi Bungoma, nilikuonjea za huku. Yule mwanamke wa chapati ngumu nilimwambia wazi kwamba mkwe wangu hakupewa meno ya kuvunjia kwake. Nasimiyu alikuwa akitucheka, "Mama, wewe na mume wangu mnapendana kupitia kwa wapishi." Ni kweli. Hatukuwa tumeongea hata salamu ndefu, na nilijua mafuta mengi yanakusumbua tumbo.

Halafu tukamzika Nasimiyu. Ulisimama na wanaume, mimi na wanawake, katikati yetu kaburi la mtoto wangu. Nilitaka kuja nikushike. Desturi ikanizuia, nami nikaitii. Ukaenda Nakuru na hujarudi. Nasikia unawaambia watu kwamba mke akishaondoka, huko ukweni utaenda kama nani.

Kama nani? Huo ni upuuzi, na nakwambia kwa heshima. Nimezika mmoja, sikusema na wewe ujizike. Nafula akisikia pikipiki anatoka nje kuangalia, kisha anarudi akijifanya alienda kuchota maji. Mimi pia naangalia, ila mimi sijifanyi.

Unakula wapi huko Nakuru? Nani anakutangulia? Hilo linaninyima raha.

Nimeongea na wazee wa ukoo. Mmoja akasema, "Mama, hiyo ni mwiko." Nikamwambia amekula kwangu kila mazishi, na hajawahi kuuliza mimi nimekula nini. Wengine wataongea, na waongee.

Njoo Jumapili yoyote. Sitakuwekea chakula kisha nijifiche jikoni. Nitaweka meza moja, wewe, Nafula na mimi. Utaniona nikitafuna, na meno yenyewe yamebaki machache. Nami nitakutazama usoni, maana miaka yote hii najua mgongo wako tu. Tukiona haya, tutaona haya tukiwa tumeshiba.

Maliza kazi yako vizuri, mwanangu, uje.

Mama yako,
Kanduyi