Antena Yangu Wameiita Tanganyika

Yaya Riziki, mukubwa wangu,

Hii barua ikukute umekaa kwako Kimanga, siyo uko mbio na godoro kichwani. Mama anaendeleaje na miguu yake? Watoto wanasoma, ao shule zimefungwa tena? Huku tunasikia tu kwamba waasi wamechukua hapa, wamefukuzwa pale, na minye ninabaki kuangalia simu isiyoita. Niko muzima, namushukuru Mungu, ingawa baridi ya Liège, huku kwa wazungu, bado inanishinda. Barua inakuja kwa mukono wa Mama Pasteri anayepitia Bujumbura. Umupokee vizuri.

Mara ya mwisho simu iliposhika, uliposikia nimeonewa kazini uliniambia, "Neema, nyamaza, usipoteze kazi." Ikakatika kabla sijajibu. Sasa ninajibu. Sikunyamaza, Yaya. Usikasirike kabla ya kusoma yote.

Unajua kazi yangu ni ya antena, lakini sijakuelezea ilitoka wapi. Unakumbuka siku ndugu yetu Safari alipotaka kwenda bondeni Kiringye kuangalia mihogo? Marehemu Baba alikuwa juu ya mabati tangu asubuhi, anageuza waya ya antena, na weye uko chini unapiga kelele, "Baba, kidogo kuume! Hapana, rudisha!" Radiyo inakwaruza tu. Habari kwamba mapigano yamefika kwenye bonde la Ruzizi ilipita hewani, na sisi hatukuisikia. Safari akavaa kofia yake, akaenda. Mpaka leo hajarudi.

Nilipofika chuoni huku ndipo nilielewa. Pale kwetu Kimanga, kati ya mulima na ziwa Tanganyika, sauti ya radiyo inafika mara mbili: moja inakuja yenyewe, ingine inakuja ikiisha kugonga mulima. Zinagombana ndani ya mashini. Nikatafuta dawa yake kwa miaka. Nikakunja waya mbili, kila moja inatazama upande wake, nikaziunganisha ili moja isahihishe ingine. Tuliipima kwenye bonde moja la huku lenye milima kila upande. Sauti ya muntu anayesoma habari ilitoka safi kabisa, kama amekaa kando yangu. Wenzangu walishangilia. Minye nilirudi ndani ya gari nikalia, juu niliwaza Safari na kofia yake.

Shefu wangu anaitwa Gérard. Akasema, "Vizuri sana, niachie, nitaitafutia breve." Breve, Yaya, ni karatasi ya serikali inayosema nani alivumbua kitu, na kwamba mwingine asikitengeneze bila ruhusa. Nikamuachia.

Siku moja saa sita tuliitwa wote kwenye chumba cha kulia. Chupa zimefunguliwa, na juu ya meza kuna makartoni mapya ya antena. Juu ya kartoni imeandikwa TANGANYIKA, na chini yake tembo amesimama penye majani. Tembo! Tangu lini tembo anatembea Kimanga? Gérard akainua glasi akasema, "Wazo hili lilinijia Jumapili moja, nikiwa ninavua samaki mutoni." Watu wakapiga makofi. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Wazo hili lilianza siku tulipokuwa tunaita Safari porini, siyo mutoni kwake.

Nikamufuata ofisini.

"Jina langu liko wapi kwenye breve?"

"Neema, breve ni ya kampuni, na minye ndiye shefu wa kazi. Hata ziwa lenu nimeliweka pale. Ungefurahi."

"Ziwa halikukunja waya."

Akafunga mulango polepole. "Karatasi zako za kukaa hapa zinasimama juu ya hii kazi. Kwenu kuko vita. Ukitoka hapa, utaenda wapi?"

Yaya, hapo ndipo niliacha kuogopa. Nyinyi huko munanyamaza juu muntu iko na bunduki mulangoni. Naelewa, hata minye ningenyamaza. Lakini huyu hana bunduki! Anaazima bunduki za kwetu, kutoka mbali hivi, ili aninyamazishe ndani ya ofisi yenye zulia na kahawa ya moto!

Kando ya chumba chetu anafanya kazi Fatiha, wazazi wake walitoka Maroko. Yeye ndiye alitunga programu inayofanya mashini isome maandishi ya mukono, hata yale ya muntu anayeandika kama kuku anaparua. Nilipomuelezea, hakushangaa. "Yangu pia ina jina la Gérard," akasema. "Nilikuwa na mimba, nikaogopa." Kisha akavaa koti lake. "Twende kwa direkta."

Direkta alitusikiliza, akapumua kwa nguvu, akasema, "Tutakushukuru mbele ya wote kwenye karamu ya Noeli."

"Sitaki karamu," nikasema. "Sheria ya inchi yenu inasema aliyevumbua aandikwe. Kama siyo hapa, tutaongea mbele ya mahakimu."

Fatiha akaongeza, "Nilimuona kwa macho yangu akikunja hiyo waya. Gérard alikuwa kwenye likizo."

Wakamuita Gérard. Direkta akamuuliza kama ni kweli. Akageukia dirisha, akasema kazi ilikuwa ya wote. Direkta akasema, kama ni ya wote, basi jina langu litaandikwa.

Na limeandikwa, Yaya, la kwanza. La Gérard limebaki kando yake, kama kupe. Tembo pia amebaki, eti anauza vizuri. Na mukataba wangu ukiisha hawatauongeza. Kuna shule ya ufundi imeniita nijaribu kufundisha. Kwa karatasi za kukaa, sijui bado. Mama usimuambie hilo. Muambie ninakula vizuri.

Kinachoniunguza ni Fatiha. Breve yake, direkta alisema ni ya zamani, tusifukue mambo. Kufika inje alicheka kidogo akasema, "Angalau moja." Kwa nini moja? Nani alisema haki iko na kipimo? Jumamosi tunaenda naye kwa avoka, mwenye kutetea watu mbele ya mahakimu, na mara hii minye ndiye nitashuhudia.

Unisalimie Mama, shemeji Elia na karakana yake ya baiskeli, shangazi Nyota na ndagala zake za sokoni, wanakwaya wote, na binti yako Ombeni. Namubusu mashavu yote mawili. Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe kabla ya Jumamosi.

Ni minye, mudogo wako,
Neema