Bwana Kata na Isale la Baba

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mitihani ya Kidato cha Pili nimemaliza kusahihisha saa nane. Kalamu nyekundu kabatini, ya bluu mezani. Chai ya tangawizi. Nimerudi Holiwudi.

Kauntabuku kumi na moja sasa. Kila moja maisha ya mtu mmoja: waigizaji saba, waongozaji filamu wanne, wote wa enzi za picha nyeusi na nyeupe. Walimu wenzangu wananiita Madamu Sinema. Wacheke. Filamu zenyewe nimeona tano tu, nikiwa msichana mdogo, mjini, nimekaa benchi la mbele hadi shingo ikauma. Sijapona tangu siku ile. Mwigizaji, mtoto wa fundi cherehani, mwenye njaa kama sisi, akasimama ukutani mrefu kuliko mgrevilea! Nikiandika habari zao bado nywele zinanisimama.

Kanuni yangu ya kwanza ni hii. Naanza na mama yake. Kila mtu mkubwa alizaliwa na mama aliyekuwa na kazi nyingine ya kufanya siku hiyo.

Wa kumi na mbili ni yule mwongozaji aliyekuja kupiga filamu huku kwetu Old Moshi, Baba akiwa kijana. Jina lake halisi liko kwenye kauntabuku. Hapa nitamwita wanavyomwita kijijini: Bwana Kata. Nimemkwepa miaka sita. Akitajwa tu, Baba anachukua fimbo yake anatoka nje.

Alhamisi, 6 Juni

Eliud, mdogo wangu, kashuka jana kutoka mlimani na wageni wake. Leo kaja hapa kwangu, mtaa wa Soweto, Moshi mjini, midomo imepasuka kwa baridi, mkononi bahasha. Ni kitabu. Mama mmoja wa Kimarekani aliyempandisha mwaka jana amekumbuka kwamba dada wa kiongozi wake wa mlimani anaandika habari za watu wa sinema. Maisha ya Bwana Kata, kurasa mia nne! Nilikibusu. Eliud akasema nimechanganyikiwa, akala ugali wangu wote.

Baadaye. Nimefika ukurasa wa Kilimanjaro. Aya moja tu. Inasema mfanyakazi mmoja Mwafrika, kwa chuki, alifyeka migomba mbele ya kamera, kazi ya siku nzima ikaharibika, na kesho yake kundi lote likaondoka. Kwamba Bwana Kata hakupenda kulizungumzia.

Kwa chuki.

Mwandishi hakumtaja jina. Hana haja. Kijiji kizima kinajua ni Baba. Nimesoma shule ya msingi nikiitwa binti Kata.

Nimemwaga chai.

Jumapili, 9 Juni

Nimepanda nyumbani baada ya ibada. Mlima umejifunika wiki nzima, baridi ya Juni. Baba alikuwa nje anapapasa mikungu kwa vidole kujua upi umekomaa. Presha ya macho imekula jicho la kushoto, la kulia anaona kama kupitia shuka. Daktari hajampa matumaini. Mwisho wa mwaka, amesema, atabaki na mwanga tu.

Shikamoo. Marahaba. Mtori wa ndizi. Kisha nikamsomea ile aya, nikiitafsiri polepole.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Nawe kaandike hivyo hivyo. Mzungu ameshaandika."

Nikamjibu vibaya. Nimeshuka sijaaga. Nina miaka arobaini na moja na bado nabamiza mlango wa baba yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi kuomba radhi. Nilikuta ameniwekea kigoda nje. Akasema kaa, akazungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza mfululizo hivyo. Naandika kabla sijasahau.

Walikuwa vijana wanane. Walipewa mapanga, wapite katikati ya migomba nyuma ya yule bibi mwigizaji, basi. Karani mkalimani aliwaonya: Bwana akisema neno, litekelezwe hapo hapo, hapendi kuuliza-uliza. Kiingereza hawakijui hata mmoja. Wakapita. Bwana akapaza sauti: "Kat!" Ndilo neno lao la kusimamisha kamera.

Baba akasikia kata.

Ana panga mkononi. Mgomba uko mbele yake. Akakata.

Bwana akapiga kelele zaidi. "Kat! Kat!" Baba akaona labda anachelewa. Akakata wa pili. Bwana akaja anakimbia, kofia imeanguka, anapiga kelele kwa sauti yake yote. "Alivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kutii, mwanangu." Akaangusha wa tatu.

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Nikakoma.

Kwa sababu ile migomba ilikuwa na mikungu michanga. Ilikuwa kwenye kihamba cha mjane jirani, shamba lake la nyumbani. Hapa kwetu ukimkatia mtu mgomba wenye mkungu mchanga umemkata yeye. Mjane alimwelewa, wakayamaliza. Bwana alimfukuza Baba palepale.

Asubuhi yake Baba akachuma isale. Jani la kawaida tu, linaota kwenye mpaka wa kila kihamba. Lakini ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukukatalia, hata kama umemuulia ndugu. Ndivyo tulivyo. Akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye mahema. Bwana akalichukua, akaligeuza, akaliangalia. Akamwita karani wakasemezana. Kisha akampa yule bibi aliyesimama pembeni. Karani akamwambia Baba aende zake. Walipoondoka, hakuna neno lililorudi.

"Mpaka leo sijui," Baba akasema. "Alipokea, au alishika tu?"

Kumbe si migomba iliyomnyima usingizi miaka yote hii. Ni hilo tu. Alipokea au alishika.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeandika mama yake Bwana Kata. Alifua nguo za watu, vidole vilipasuka. Nzuri. Nimeandika utoto, njaa, treni, siku ya kwanza alipogusa kamera. Kalamu inakwenda yenyewe. Nikifika Kilimanjaro inakwama.

Natamani kuandika: alipokea. Neno moja. Nani atanibishia? Baba angekufa na amani.

Lakini sijui. Nimejitungia sheria nisiandike nisilolijua, na leo nimeichukia. Nimechana kurasa nne.

Jumatano, 19 Juni

Eliud tena. Wiki iliyopita alimpigia simu yule mama wa Marekani, kumbe mama mwenyewe alishaituma: kanda ya video ya filamu yenyewe! Imefika posta leo. Nimeishika kama yai.

Mama Neema wa nyumba ya tatu ana deki ya video. Nilikimbia na kandambili. Umeme hakuna. Hadi Jumamosi, wamesema. Mama Neema kasema filamu imesubiri zaidi ya miaka arobaini, itasubiri siku tatu. Hajui anachosema, lakini amesema kweli.

Ninaogopa. Je, kama wameitupa sehemu yote ya kwetu?

Jumamosi, 22 Juni

Nitaandika nilichoona, si zaidi.

Eliud alimteremsha Baba kwa pikapu ya jirani. Suti ya Krismasi, kofia magotini. Tukamsogeza hadi goti likagusa meza ya televisheni. Umeme ukarudi saa tisa.

Mlima ukatokea kwanza. Mlima wetu, ndani ya sanduku la Mama Neema! Theluji imeshuka hadi chini, siku hizi haiko hivyo. Tunauona kila ukijifunua, tunaupita kama jirani, na leo tuliutazama kama wageni.

Kisha migomba. Yule bibi anapita mbele, nyuma vijana wanane. Baba akainua kidole. "Huyo mimi."

Sikumjua. Mwembamba, shingo ndefu. Anasimama. Anainua panga. Mgomba unainama, unaanguka kuelekea kwetu, maji yanaruka kwenye kioo cha kamera.

Hakuikata. Bwana Kata mwenyewe hakuikata! Mpiga kamera hakuzima, na yeye huko kwao, na mikasi yake, miezi sijui mingapi, akaiacha. Mbele ya dunia nzima, mgomba wa mjane unaanguka na baba yangu ana miaka ishirini.

Nilidhani ndiyo mwisho wa maajabu. Ikaja nyingine. Yule bibi amemkosea mtu, hilo lilieleweka tangu mwanzo wa filamu. Anafika mlangoni kwake. Hasemi. Amenyoosha mikono yote miwili, na juu yake kuna jani. Mwenye nyumba anaangalia. Analichukua kwa mikono miwili. Anampisha aingie.

Baba akauliza, "Ameshika nini? Sioni."

Nikamwambia. Isale.

"Sema tena."

Isale, Baba. Amelibeba mikononi.

Akaomba kanda irudishwe nyuma. Mama Neema akarudisha. Mara nne. Mara ya nne paji la Baba liligusa kioo. Aliyeandika kurasa mia nne ameiona picha hii, bila shaka, akaona jani tu.

Baba akakaa nyuma. Akavaa kofia.

"Alipokea," akasema.

Mama Neema alikuwa analia na hajui kwa nini. Mimi najua, na nililia zaidi.

Jumapili, 30 Juni

Kauntabuku ya kumi na mbili imekwisha. Ukurasa wa Kilimanjaro niliuandika kwa dakika ishirini. Hauna neno chuki.

Nimempelekea Baba, nikamsomea yote, tangu mama mfuaji. Mlima ulijifunua kidogo saa kumi, ukafunga. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akauliza kama kauntabuku nyingine niliyoshika ni tupu. Nikasema ndiyo, ni ya kumi na tatu, sijapata mtu.

Akanigeukia.

"Unaanza na mama, siyo?"

Ndiyo, Baba.

"Basi andika. Mama yangu aliitwa Ndeonansia. Siku niliyozaliwa alikuwa anakata majani ya ng'ombe."

Nikafungua ukurasa wa kwanza.