Tembo Uliyesema Atoke

Mama Paskali mpendwa,

Jana tulikuwa na mkutano wa kijiji, na jambo lilikuwa moja tu: yule tembo wetu. Watu wa kile kituo cha kulea tembo yatima walipanda na gari mpaka kwenye uwanja wa ofisi, wakatuambia wanataka kumrudisha katika msitu alikotoka, huu huu ulio juu ya mashamba yetu. Wakasema hawatamleta bila sisi kukubali. Kila kaya iseme, atoke au akae.

Nilisimama nikasema. Nakuandikia kwa sababu wewe uliniachia neno la kusema siku hiyo ikifika, na ni haki yako kujua nililifanyia nini.

Nianze mbali kidogo, maana siku hizi akili yangu hupita njia ndefu.

Unakumbuka mwaka ule tulipomzika Lusia, kitinda mimba wetu, akiwa bado ananyonya. Soko lilikuwa limefunguliwa, malori ya wanunuzi yanapanda mpaka huku kwetu kutafuta vitunguu saumu, vijana wanaezeka bati. Watu walisema mila za wazee zimekwisha. Lakini mama yangu alirudi kutoka makaburini, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mtakaa metimani." Tukaelewa. Tusiingie nyumba ya mtu, tusiombe moto wala maji, na ng'ombe wetu wasichanganyike na ng'ombe wa wengine, mpaka wazee waje kututoa.

Katekista alikuja akasimama mlangoni. "Mama Paskali, sisi ni Wakristo. Haya tuliyaacha."

Ulikuwa umefunga kifua kwa kanga, kwa kuwa maziwa yalikuwa hayajakauka. Ukamjibu polepole, "Katekista, kanisani mmeniambia nisilie sana. Mama mkwe ameniambia nikae. Niache nikae."

Aliinama kidogo, akaondoka. Baadaye nilimwona akipita njia ya chini, amevua kofia, midomo inacheza. Nadhani alikuwa akituombea kwa mbali, asivunje ya kwetu wala ya kwake.

Kwa kuwa ng'ombe wetu hawakuruhusiwa kwenye malisho ya wote, niliwachunga peke yangu upande wa msitu, ambako hakuna aliyekuwa akienda. Ndiyo maana alitufikia sisi. Jioni moja niliwarudisha, nikasikia kwato za nyuma zina mlio mwingine. Nikageuka. Alikuwa anatembea nyuma ya ng'ombe wako mwekundu, mtoto wa tembo, mfupi kuliko ndama mkubwa, masikio yamejaa miiba, akishika mkia wa ng'ombe kwa mkonga wake. Ng'ombe wala hakujali.

Jirani yetu Tluway aliona kutoka ng'ambo ya korongo. Hakuweza kuja kwetu, lakini sauti yake haikuwa metimani.

"Baba Paskali! Huyo ndama mbona ana mikia miwili?"

"Njoo uangalie!"

"Nije wapi, na ninyi mmefungiwa? Mungu ameona mko wapweke, amewaongezea mfungwa mwenzenu. Mkimkamua nipigieni kelele!"

Ukacheka. Uliziba mdomo kwa mkono kama mtu aliyefanya kosa, lakini ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kwa hilo peke yake nilimpenda Tluway maisha yake yote.

Mtoto yule ulimpa maziwa. Ungempa nini kingine? Ulimkamua yule mwekundu, ukamimina kibuyuni, ukamnywesha kwa vidole vyako kama tunavyomzoesha ndama asiye na mama. Alipokuja askari wa wanyamapori kesho yake, alikuta kibuyu kitupu.

"Mama, umempa maziwa ya ng'ombe?"

"Nimpe nini, pombe?"

"Maziwa ya ng'ombe yanamharisha huyu mpaka anakufa. Wengi wamekufa hivyo, mikononi mwa watu wenye huruma."

Ulikitazama kibuyu. "Kwetu hatujawahi kusikia mtoto anayeuawa na maziwa," ukasema, ukakaa chini.

Askari huyo ndiye aliyetuambia kuwa mama wa mtoto yule wamemkuta bondeni, uso umekatwa, pembe zimekwenda. Walipomfunga kamba ili wampandishe garini wampeleke kituoni, mtoto alilia, akaja akaegemeza kichwa kifuani kwako, hapo hapo palipofungwa kanga. Kanga ililowa. Hukusogea, na wanaume wote tukageukia mashamba.

Wazee walikuja kututoa wakati wa mavuno. Tluway ndiye aliyeingia kwanza, akaomba maji, akanywa kwa kikombe chetu mbele ya wote. "Maji ya nyumba hii bado yana magadi," akasema, akaomba tena. Nilikuona ukimtazama anavyokunywa. Hapo ndipo uso wako wa zamani uliporudi.

Tulimwona tena tembo wakati mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya na watu bado wanaandika Arusha kwenye bahasha. Paskali alikuwa ameanza kufundisha, akaja kutuchukua, akatulipia basi mpaka Babati na kutoka pale mpaka kituo chenyewe. Ulivaa viatu vya Pasaka. Ulibeba viazi vitamu vilivyochemshwa, ukisema huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Nilipapenda mwanzoni, sitakuficha. Pana kivuli, maji ya bomba, wafanyakazi wenye makoti ya kijani wanaolala zizini na watoto wale ili wasiogope. Mtu anayelala na mnyama ili asiogope, huyo siwezi kumsema vibaya. Binti aliyetutembeza aliitwa Anjela. Alikuamkia vizuri, akakushika mkono penye utelezi.

Halafu ikafika saa ya chupa. Wageni walisimama kwenye uzio, na wale watoto wakaja mbio, kila mmoja kwa chupa yake. Wetu walimwita Baraka. Sisi tulikuwa tukimwita Mgeni. Watu walimpapasa, wakapiga picha, wakamfundisha kuinua mguu. Alipofika kwako aliingiza mkonga kwenye mfuko wako, akachukua kiazi, akaenda kwa anayefuata. Hakukujua. Ulitabasamu, lakini mimi ninakujua.

"Wanakaa hapa mpaka lini, mwanangu?" ukamuuliza Anjela.

"Mpaka wawe tayari, mama."

"Tayari kwa nini?"

"Kurudi porini."

"Na nani amesharudi?"

Anjela alitazama wageni wengine. "Bado, mama."

Mwanamume mmoja mwenye kamera akacheka. "Mama, huyu anakula vizuri kuliko mimi."

"Basi badilishaneni," ukamwambia, na watu wote pale wakacheka, hata yeye.

Wewe hukucheka. Ukamgeukia Anjela tena, ukamweleza bila hasira, kama unavyomweleza mtoto kazi. "Kwetu mtu akifiwa anawekwa metimani. Hagusi vya watu, na ng'ombe wake wanalishwa peke yao. Inauma. Lakini wanaomweka wanajua watakuja kumtoa, naye anajua. Huyu mmemweka vizuri, nimeona. Wa kumtoa ni nani?"

"Tungemwacha siku ile, mama, angekufa."

"Najua. Nilikuwepo."

Nikaona macho ya binti yule yana maji. Hakuwa mtu mbaya. Hapakuwa na mtu mbaya mahali pale. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo, maana mtu mbaya angerahisisha mambo.

Kwenye basi ulilala begani kwangu, au nilidhani umelala. Tulipopita njia panda ukasema, "Kuna siku watauliza. Wakiuliza, sema atoke." Nikasema sawa. Ulirudia maneno hayo wakati wa ugonjwa wako, ukiwa huwezi tena kushika kijiko. Nikasema sawa tena.

Sasa kuna jambo hulijui, na sikujua nikuambie vipi. Tluway hayupo.

Alikuwa akilinda mahindi yake, amekaa na debe lake la kupiga. Walikuja tembo wa msituni, si wetu, na mmoja hakuogopa debe. Tulimkuta asubuhi katikati ya mistari ya mahindi. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Tulimzika karibu na kaka yake, na mimi niliyezoea kumjibu kutoka ng'ambo ya korongo sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo watu wa huku hawataki hata kuona picha ya tembo kwenye noti ya benki.

Tuliposikia habari za mkutano, nilikwenda kituoni peke yangu. Nilitaka nimwone kabla sijasema. Mama Paskali, amekuwa mkubwa. Mgongo wake unafika paa la nyumba yetu, na pembe zimetoka. Chupa alishaachishwa zamani. Lakini gari liliposimama alikuja kwenye uzio, akainua ule mguu kama alivyofundishwa, akasubiri. Mfanyakazi alipita na ndoo, akamfuata mwenye ndoo mpaka mwisho wa uzio. Nikamuuliza yule mfanyakazi, "Anamfuata kila mwenye ndoo?"

"Kila mmoja, mzee. Ndiyo mama yake, ndoo."

Nilirudi nikiwaza wanawake wa kijiji chetu asubuhi, wanavyotoka mtoni.

Jana, basi. Yule bwana wa kituo alisema vizuri. Alisema si haki mnyama azaliwe huru afe kwenye uzio. Alisema tembo huyu ni mpole, hajawahi kumgusa mtu.

Mama Fabiani, mjane wa Tluway, alikuwa amekaa chini mbele kabisa. Hakusimama. "Mpole kwa nani?" akauliza. "Wewe una chupa. Mimi nina jembe."

Kijana mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Mleteni, tumechoka na maharage!" Watu wakacheka, mwenyekiti akapiga meza. Kisha akanitazama. "Baba Paskali, huyu alianzia kwenu. Sema."

Nikasimama. Nikasema mke wangu marehemu aliniachia neno, na nitalitoa kwanza kwa kuwa ni lake. Nikawasimulia ulivyomuuliza yule binti, wa kumtoa ni nani. Nikasema, "Neno lake ni hili: atoke." Wazee waliitikia kwa vichwa, wale wanaojua metimani ni nini.

Halafu nikamtazama Mama Fabiani, nikasema langu. Nikasema tembo wa msituni akituona hukasirika au hukimbia, nasi tunajua la kufanya. Huyu akituona atakuja. Atamfuata mwanamke mwenye ndoo mpaka mlangoni, kwa upendo, na mwanamke atapiga kelele, na wanaume watatoka na mikuki, na mmoja kati yao atakufa bila kosa. Nikasema tulimfundisha kutuamini, na huku kwetu kutuamini kutamuua. Asitolewe kuja hapa. Kama upo msitu mwingine usio na mashamba chini yake, wampeleke huko. Kama haupo, basi wageni waache kumwinulisha mguu, abaki na tembo wenzake bila kusumbuliwa.

"Baba Paskali," mwenyekiti akasema, "una kura mbili?"

"Ninayo moja. Ni hiyo ya pili."

Yule bwana wa kituo aliniambia baadaye, kwa unyonge, kwamba msitu mwingine hawana, na bila wageni hawana cha kuwalisha tembo. Nilimwamini. Mikono iliponyanyuliwa, waliosema akae walikuwa wengi mno hata hakukuwa na haja ya kuhesabu. Mama Fabiani alinishika mkono, akasema, "Asante, shemeji." Mkono wake ulikuwa baridi. Sikupata furaha yoyote katika asante ile.

Kwa hiyo atakaa. Amewekwa, na sijui wa kumtoa. Nimelitafuta jibu lililo bora kuliko langu tangu jana na sijalipata, wala sikuombi useme nilifanya vyema. Ungekuwepo, ungesimama mbele ya mkutano ule ukabishana na mimi, na labda ungenishinda.

Nilirudi nyumbani jua likizama. Zamani nikitoka mkutanoni ulikuwa hunipi hata chai kabla hujauliza, "Umesema nini?" Hukutaka habari za wengine, walisema nini, nani alikasirika. Ulitaka za kwangu. Jana nilisukuma mlango, nikavua koti, nikasimama katikati ya nyumba nikisubiri kuulizwa.

Basi nimekujibu. Kama umenikasirikia, kasirika usiharakishe, tunao muda. Nitakapokuja nitakaa chini, nawe utasema yote, na safari hii sitajibu kitu.

Mume wako,
Baba Paskali