Kipande cha Tisa cha Kitabu cha Punda

Baba Atong, leo mwaka umetimia tangu malaria ikuchukue kwa siku nne tu. Cherehani yako bado iko dirishani hapa mtaani Atlabara. Wanaokuja kuiulizia bei nawapa chai, wanakwenda zao.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka soko la Custom na kile kitabu kimoja cha hadithi ya punda, kinene, hakina hata jalada? Mimi nilikutuma sabuni! Nilikufokea mpaka Prossy wa chapati akasikia kwake. Wewe ulicheka tu. Watoto wa mtaa walikuwa zaidi ya kumi, na kitabu kimoja. Ukashika mkasi wa kazi, ukakikata vipande vinane, kila kipande ukakishona mgongo kwa uzi wa suruali. Nikasema khalas, basi tena, mume wangu amerukwa na akili.

Tangu siku hiyo mtaa haukupoa. Aliyemaliza kipande cha pili alimsaka mwenye cha tatu hata bombani. Prossy akaja na unga mikononi: "Fundi Aguer, hii punda yako imeharibu watoto yangu! Hakuna mwenye anakubali kwenda dukani!" Ukampa kipande cha kwanza, naye akapotea humo, chapati zikaungua.

Hukumkosoa mtoto hata mmoja. Ulisema, "Shuleni wanasoma kwa ajili ya mwalimu. Hapa wasome kwa ajili ya punda." Kipande cha tisa, chenye mwisho, uliwaambia unacho wewe. Aliyemaliza vinane alikaa kwenye kiti cha wateja, akapewa chai ya sukari nyingi, ukamwuliza yeye anaonaje, punda atafika nyumbani? Ukimsikiliza mpaka mwisho unasema, "Basi, hicho ndicho cha tisa." Anaondoka kifua mbele.

Ila binti yetu Atong, jamani! Wakati ule ana miaka kumi, tumetoka kambini Kakuma juzi tu, na mwalimu ameshasema atarudishwa darasa. Akiona kitabu anakumbuka vyombo havijaoshwa. Siku moja akajikalia kwenye kile kiti, eti amemaliza vyote. Ukamwuliza, "Yule punda ni kilema mguu upi?" Akatazama miguu ya kiti. Kumbe Fortunate, binti wa Prossy, ndiye aliyemsimulia, na mambo ya mguu akayaruka. Tulicheka mpaka machozi. Atong akanuna siku mbili.

"Rudi ukasome mwenyewe, mama," ukamwambia. "Nafasi yako nakuwekea."

Akaanza upya, kidole chini ya kila neno. Alikuwa amefika kipande cha sita ulipougua. Cha nane alikimaliza baada ya mazishi, akaja jikoni analia: "Sasa nitamwambia nani?" Nikamkumbatia, Baba Atong. Nililia naye.

Tukakitafuta hicho cha tisa. Kilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo: karatasi za daftari, umezishona kama vile vingine. Kumbe kitabu ulikinunua hakina mwisho, mjanja wewe! Humo umeandika mwisho aliokusimulia kila mtoto, na jina lake juu. Ukurasa wa mwisho una jina la Atong, na chini yake hujaandika kitu.

Mwanao amepanda darasa. Wiki iliyopita aliketi akaujaza ukurasa wake, pande zote mbili, na karatasi haikutosha. Akavuta kiti chako, akatia uzi, akashonea kurasa nne zaidi. Leo baada ya sala atatusomea sote, na Prossy ameahidi chapati zisizoungua.

Tunaokukumbuka kwa furaha: mimi mkeo Awut, wanao Atong na Akol, dada yako Amou, Prossy na Fortunate, pamoja na wasomaji wote wa punda hapa Atlabara.

Hatutakusahau kamwe, Fundi wetu. Na mguu ni wa nyuma, wa kushoto. Atong amesema nikwambie.