Donge la Tufani

Makunduchi, 6 Januari 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam aleikum. Nnatumai u mzima, na mumeo huko Muscat mzima, na mjukuu wangu Munir anasoma vizuri hapo Tunguu. Mie sijambo, alhamdulillahi, kasoro masikio tu. Simu uliyoniletea nimeiweka kabatini. Inatikisika, naiona inatikisika, lakini sauti hainifikii, na maandishi yake ni madogo kwa macho haya. Ndiyo maana nnakuandikia na kumpa Miraji, anayeleta muhogo wetu sokoni kila wiki. Usimcheleweshe kwa maneno mengi akifika hapo dukani kwako.

Umeniuliza tena lini ntahamia kwako Kikwajuni. Mwanangu, Tufani nimwache na nani? Najua humpendi. Najua mbwa ni najisi, sihitaji kukumbushwa. Akinigusa na ulimi naosha kwa maji na udongo kama tulivyofundishwa, na shati la kwendea naye shamba sisalii. Lakini bila yeye kima na nguruwe wangeumaliza muhogo wote. Na mtu akipiga hodi mie sisikii, yeye ndiye anayeinuka akatazama njiani, nami nikajua kuna mtu.

Sasa ametoka donge mgongoni, karibu na mkia. Nlipoligusa mara ya kwanza lilikuwa kama kokwa ya tende. Leo ni kama ndimu. Halii wala hachechemei, lakini limekuwa gumu, na nywele zimepukutika juu yake. Wewe unauza dawa. Huna unayemjua anayetibu wanyama?

Baba yako,
Ubwa


Kikwajuni, 14 Januari 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imenifika, na muhogo umenifika, ahsante. Sisi wazima. Abdulhakim anakusalimu kutoka Muscat, alipiga simu Ijumaa. Munir yupo dahalia ya chuo, Tunguu. Alikuwa akija kila mwisho wa wiki, siku hizi anaona mbali.

Baba, sitasema tena habari ya najisi. Lakini chumba kipo, nimekipaka rangi, na choo ni karibu, hupandi ngazi nyingi. Una umri wa kukaa peke yako porini na mbwa mgonjwa? Watu hapa wananiuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Kuhusu donge, ndiyo, nnamjua daktari wa mifugo, bibi mmoja anaitwa Ulfat, hununua dawa kwetu. Nimemuuliza. Amesema mwezi ujao watakuja kusini kuchanja mbwa kinga ya kichaa, na atapita kwako. Usilitumbue, usilipake kitu. Ndivyo alivyosema.

Unakula vizuri? Mie hapa nnapika wali kikombe kimoja na sufuria zote ni kubwa, basi unaungua.

Mwanao,
Badria


Makunduchi, 9 Februari 2024

Mwanangu Badria,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Nnakuombea afya na kazi njema. Mimi mzima.

Daktari wako alikuja. Ana adabu yule mwanamke. Alijua mara moja kuwa sisikii, akawa ananiangalia usoni na kusema taratibu, na lisilonifika akaliandika kwenye karatasi. Tufani alimkubali. Daktari akamdunga ganzi, akakata kipande kidogo cha donge na kukitia ndani ya kichupa. Akasema kitapelekwa maabara huko bara, na majibu yatakuja kwako kwa simu kwa kuwa kwangu hayawezi kufika.

Nlimuuliza, "Ni saratani?"

Akaandika: "Sijui bado. Tusubiri."

Neno hilo nalijua, Badria. Tulikaa nalo na mama yako hospitali. Yeye alilificha donge lake mpaka likamshinda, nami nikiwa na masikio yangu mazima sikusikia chochote kwa sababu hakusema. Siku hizi nikimaliza kusali nakaa mlangoni, naye Tufani analala pale kwenye mchanga nje, na mimi nalitazama donge lake. Siku inakwisha. Hapana mtu anayepita.

Majibu yakija niandikie siku hiyo hiyo.

Baba yako,
Ubwa


Makunduchi, 26 Februari 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam aleikum. Natumai kimya chako ni cha kazi, si cha maradhi. Miraji ameniambia amekuona na u mzima, kwa hivyo nimetulia.

Donge limepasuka. Limetoka kitu cheupe, kigumugumu kama chokaa iliyoloana. Nimelisafisha kwa maji ya chumvi. Bahati mbaya Bi Mwanamkasi, jirani yangu, alikuwa anapita na wajukuu wake, akaliona. Simlaumu, ana mbuzi na watoto. Alisema kitu, nikaona midomo tu, kisha akawashika watoto mikono na kurudi walikotoka. Tangu siku hiyo haniletei tena mchuzi. Barazani nako nikikaa, watu wananipisha nafasi kubwa.

Wanasema ni ugonjwa wa kuambukiza. Mie sijui. Yamekuja majibu?

Baba yako,
Ubwa


Makunduchi, 8 Machi 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam aleikum. Nakuombea uzima.

Sijapata barua yako. Nafikiri majibu hayajaja, au yamekuja na ni mabaya, nawe unaona uzito kuniambia. Usione uzito. Nshayasikia mabaya kuliko hayo.

Leo baada ya sala ya Ijumaa watu wamenikalisha, kwa heshima, siwezi kusema wamenionea. Usi, niliyekuwa nikisaka naye nguruwe tangu ujana, ndiye aliyeandika chini kwa kidole: Ramadhani inaingia, watoto watakuwa njiani wakati wa futari na tarawehe, na mbwa ana kidonda kinachotoka. Amesema atafanya mwenyewe kwa bunduki yake ili Tufani asiteseke. Atakuja Jumapili asubuhi.

Nimekubali. Kama ni lile alilokuwa nalo mama yako, sitaki kumwona mwengine akienda hivyo.

Baada ya hapo sijui. Pengine ntakuja huko kwako.

Baba yako,
Ubwa


Kikwajuni, Jumamosi 9 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe siulizi hali yako vizuri, Miraji amesimama mlangoni anaingojea barua hii, na nimemwapisha aitie mkononi mwako wewe mwenyewe kabla ya kulala leo.

Usimpe Usi mbwa. Tufani hana saratani.

Dokta Ulfat alinipa majibu zamani, Februari haijesha. Amenieleza hivi: kila unywele una kijishimo chake ndani ya ngozi, na shina lake liko humo. Mara nyengine vijishimo hivyo hukosea njia, badala ya kutoa unywele vinajijaza ndani kwa ndani mpaka vikafanya donge. Ndiyo ile chokaa uliyoiona. Huwapata mbwa wengi wakishakuwa watu wazima. Haliendi kwenye mapafu wala kwengine popote. Halimwambukizi mtu, wala mbuzi, wala mbwa mwenziwe. Linakatwa tu na kushonwa. Kidonda cha sasa kioshwe na kifunikwe nzi wasikiingie, basi.

Unataka kujua kwa nini nimekaa na habari hii. Ntakwambia.

Nliyasoma majibu nikiwa dukani. Dokta aliyaleta mwenyewe, anatabasamu mbele yangu, akasema, "Mpe mzee habari njema." Nami nilihisi kama nimenyimwa kitu. Baba, nlikuwa nnangojea afe. Nlijiambia mbwa akifa mwenyewe, kwa maradhi, bila ya mtu kumdhuru, wewe hutakuwa na sababu ya kubaki huko, na utakuja. Kwa hivyo nikasema ntaandika kesho. Ikaja barua yako ya kupasuka donge, nikaikunja nikaitia mkobani. Jana usiku Miraji kaleta hii ya Usi, na nimeisoma pale uliposema pengine utakuja. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kukaa kitako.

Sikukutaka uje kwa sababu ya watu wanaoniuliza. Hapana anayeniuliza. Hapa nyumbani nipo peke yangu. Abdulhakim ana mwaka wa tatu hajaja, na Ijumaa tunaulizana hali tukamaliza. Munir ni mtu mzima sasa. Nnarudi kutoka kazini, nnafungua mlango, na kila kitu kipo pale pale nlipokiacha asubuhi.

Ningekuja mwenyewe leo, ila uso wa kukutazama sina.

Mwanao,
Badria


Makunduchi, 20 Machi 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam aleikum na Ramadhani karim. Natumai swaumu inakwenda vyema na hujiachi ukafuturu kwa maji matupu. Mie nafunga, sijambo.

Miraji alichelewa. Gari lilimharibikia Jozani, akalala huko, akafika Jumapili asubuhi na Usi ameshakuja. Tufani alikuwa amefungwa kwenye mti wa mpera, anamtikisia Usi mkia, maana anamjua na anaijua bunduki, alidhani wanakwenda kusaka. Nlikuwa nimeshaingia ndani. Sikutaka kuona, kusikia nisingesikia.

Miraji akanishika bega, akanitia barua mkononi. Nliposoma kuwa Tufani hana saratani nlitoka na miguu mitupu. Nlipiga kelele, sijui nlisema nini, lakini Usi aliishusha bunduki. Alinishika mikono na kuuliza kwa kichwa, "Kuna nini?" Nikamsomea pale penye maneno ya daktari. Palipobaki nikaparuka, hapamhusu. Amekaa chini pale pale mperani akafuta macho kwa kofia yake. Siku ya pili yeye ndiye aliyekwenda kwa Bi Mwanamkasi na barazani kuwaeleza habari ya vijishimo vya nywele. Juzi Bi Mwanamkasi ameleta uji wa kufuturia. Bado haingii uani, lakini ameleta.

Sasa wewe. Nimesoma uliyoyaandika mara nyingi. Siku ya kwanza nilikasirika, sikufichi. Nlisema moyoni, mwanangu angeniachia nimuue mbwa mzima. Hasira ilikaa kama siku mbili ikaondoka, na lililobaki ni kuwa mwanangu anakula peke yake, na mimi sikujua.

Lakini lazima nikwambie kweli, kwa kuwa na wewe umenambia kweli. Hata angekufa Tufani nisingekaa huko. Ningekuja nikarudi. Nimekuwa nikimtaja yeye kwa sababu ni rahisi kumtaja. Unaikumbuka Idi ya mwaka juzi, nlipokuwa kwako na wageni wamejaa? Watu wakicheka, nami nacheka baada yao, sijui tunacheka nini. Mtoto wa shemegi yako akanitazama, akajua. Hapa hapana anayenitaka nisikie. Mbwa hanisemeshi, namtazama naye ananitazama, tumeelewana. Mjini ningekuwa mpweke mbele ya watu, na upweke huo ni mbaya kuliko huu.

Usijichukie. Daktari ameniandikia kuwa atamkata donge baada ya Idi. Kama unaweza, njoo naye.

Baba yako,
Ubwa


Makunduchi, 29 Aprili 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam aleikum. Nnatumai ulifika salama na hukuchoka sana. Mie mzima.

Kidonda cha Tufani kimekauka. Nyuzi bado zipo, na anataka kuzitafuna, kwa hivyo nimemvisha ile ndoo iliyotobolewa shingoni kama alivyotuonyesha Dokta Ulfat. Anajigonga nayo kila mahala. Usi amemcheka mpaka amekohoa.

Sikukushukuru vya kutosha. Nlipokuona umevaa mipira ya mikono ukamshika mguu wakati daktari anakata, umekunja uso na umegeuka upande, lakini hukuuachia, nlitamani mama yako awepo. Na baadaye ulikaa pale kisimani ukiosha mikono kwa udongo na maji, muda mrefu, na mie nikikumiminia. Sijakaa na mtu hivyo tangu alipofariki.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Siku uliyoondoka, ulifika njiani, ukasimama, ukanipa mgongo. Niliona mabega yako yanakwenda, nikajua unasema neno. Sikulipata. Nliona haya kukwambia ugeuke, basi nikajibu, "Inshaallah," kama niliyesikia. Ukaingia garini.

Tangu hapo najiuliza nimeitikia nini. Kama uliniomba kitu, nimeshakukubalia bila ya kukijua, na sitaki kuwa mwongo kwako. Niandikie ulisema nini.

Baba yako,
Ubwa


Kikwajuni, 5 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nlifika salama. Nipo, sijambo.

Sikusema neno, Baba. Nlikuwa nnalia, na sikutaka uone.

Nlikusikia uliposema inshaallah. Nlihisi umenijibu.

Jumamosi hii nna zamu dukani. Inayofuata ntakuja.

Mwanao,
Badria